Skype Ilishafungwa: Kwenye Kompyuta Utumie WhatsApp, Zoom, Meet, Teams, Telegram au Signal?

Microsoft iliizima Skype tarehe 5 Mei 2025. Programu hiyo ilianza Agosti 2003 mikononi mwa waandishi wa programu wa Estonia, ikanunuliwa na eBay mwaka 2005, kisha Microsoft ikaichukua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5. Siku ya kufungwa ilipofika, wenye akaunti waliambiwa wahamie Teams. Wapo waliohama. Wengine hapa Nairobi bado wako njia panda, na swali utalisikia kwa mwalimu anayefundisha mtandaoni kutoka Umoja, kwa mweka hazina wa chama, na kwa mtu aliyetoka kununua laptopu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza kwanza) mjini ili azungumze na dada yake aliye Dubai: sasa tutumie nini?

Skype ilikuwa inafanya kazi nne chini ya paa moja: ujumbe wa maandishi, simu ya sauti, video, na kupiga namba ya kawaida ya simu kwa salio. Ukitafuta programu moja ya bure inayozifanya zote nne vizuri, utatafuta sana. Kazi hizo zimegawanyika, na ndiyo maana watu wengi wanaishia na mbili: ya gumzo la kila siku na ya vikao. Hapa nalinganisha sita kwa mtu anayetumia kompyuta. Kwenye simu mambo ni tofauti kidogo, na huko hakuna anayehitaji kushauriwa.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni *watu*: nani yuko upande wa pili, na ameshaweka nini kwenye mashine yake. Nimekiweka mbele makusudi. Programu nzuri ambayo shangazi yako hana ni programu usiyoweza kumpigia shangazi. Ulinganisho mwingi huanza na ubora wa picha na kumsahau mtu wa upande wa pili, ambaye mara nyingi hana muda wala bando la kujaribu kitu kipya.

Cha pili ni *muda na bei*. Nyingi ni za bure lakini zina saa mkononi: zinakukata baada ya dakika kadhaa, au zinaweka kikomo cha watu.

Cha tatu ni *data*, na hapa inafaa tufanye hesabu badala ya kukisia. Zoom inasema video ya watu wawili ya ubora wa kawaida inahitaji kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na nyingine 600 kurudi. Kilobiti 1,200 mara sekunde 3,600, gawa kwa 8, unapata takriban MB 540 kwa saa. Sauti peke yake ni kilobiti 60 hadi 80 kila upande, sawa na MB 54 hadi 72 kwa saa. Ukizima kamera umepunguza matumizi mara saba hadi kumi. Kwa mwenye faiba nyumbani hilo halimkoseshi usingizi. Kwa anayewasha hotspoti ya simu na kununua bando la GB 1, hiyo ndiyo tofauti ya kumaliza kikao au kukatikia njiani. Tena, si kikao peke yake kinachokula: Windows ikiamua kujisasisha katikati ya mazungumzo, bando linakwisha na hujui limekwendaje. Kabla ya kuanza, fungua mipangilio ya waifai kwenye kompyuta, bonyeza jina la hotspoti yako, kisha uwashe sehemu inayosema mtandao huu unapimwa. Windows itaahirisha masasisho mengi hadi upate mtandao mwingine.

Cha nne ni *mashine na mahali*: RAM uliyo nayo (kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi), kama una ruhusa ya kusakinisha programu, na kama unatumia laptopu yako, ya ofisi au ya saiba.

Cha tano ni *siri*. Nani anaweza kusoma au kusikia mnachosema, ukiondoa nyinyi wenyewe?

WhatsApp

*Watu.* Karibu wote unaowajua. Kwa Mkenya hapa ndipo mjadala unapoanzia, na mara nyingi ndipo unapoishia.

*Muda na bei.* Bure, bila kikomo cha dakika. Simu moja inabeba hadi watu 32, na unaweza kutuma kiungo cha simu badala ya kumwongeza kila mtu kwa mkono.

*Data.* Hujishusha yenyewe mtandao ukidhoofika: picha inafifia, sauti inabaki. Haikupi uwezo mkubwa wa kuchagua ubora wa video ukiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo ukitaka kubana, zima kamera.

*Mashine na mahali.* Kuna programu ya Windows na ya Mac, na simu za sauti na video zimekuwemo humo tangu Machi 2021. Kuonyesha skrini kulikuja mwaka 2023. Wa Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, hawana programu rasmi, wanatumia kivinjari. Kila kompyuta inaunganishwa na simu yako kwa kuskani msimbo, na akaunti moja inaruhusu vifaa vinne pamoja na simu. Simu si lazima iwe imewashwa wakati wote, ila isipotumika kwa siku 14 vifaa vingine hutolewa.

Kuna jambo moja la Nairobi linalostahili kusemwa taratibu. Ukiingia saiba pale Tom Mboya, ukaskani msimbo, ukachapisha barua yako na kuondoka haraka kuwahi matatu, akaunti yako imebaki wazi kwenye ile kompyuta. Kufunga kivinjari hakutoshi. Mteja anayefuata anafungua ukurasa uleule na kukuta mazungumzo yako yote, pamoja na picha ya kitambulisho uliyomtumia wakala wa nyumba. Kwenye simu yako fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, bonyeza jina la ile kompyuta, utoke. Unaweza kufanya hivyo hata ukiwa umeshafika Githurai.

Upande wa pili wa shilingi: simu ikinyakuliwa mjini, WhatsApp ya kompyuta huendelea kufanya kazi kwa muda. Unapata nafasi ya kuwaandikia watu wako kwamba yeyote anayeomba pesa kwa jina lako si wewe, kabla hujaenda kubadilisha laini.

*Siri.* Tangu Aprili 2016 ujumbe na simu zote husimbwa mwisho hadi mwisho, maana yake kampuni haiwezi kusoma kilichomo. Lakini WhatsApp ni mali ya Meta, na habari za nani amezungumza na nani na lini ni kitu tofauti na yaliyomo.

*Inamfaa* mtu wa gumzo la kila siku, familia, wateja wadogo. Haimfai anayetaka kurekodi kikao, au ambaye hataki namba yake ya simu imfikie kila aliyehudhuria.

Zoom

*Watu.* Anayealikwa kwa kawaida hahitaji akaunti. Anabofya kiungo na kuandika jina. Tangu 2020 hata wazee wa kanisa wanajua kuzima maiki, ingawa hawafanyi hivyo.

*Muda na bei.* Toleo la bure linabeba watu 100 na linakata baada ya dakika 40. Tangu Julai 2022 kikomo hicho kinawahusu hata watu wawili. Dakika 40 zinaudhi kwenye mkutano wa chama, maana mnakatwa mweka hazina akiwa ndiyo kwanza anasoma hesabu, mnaingia tena, na nusu ya watu hawarudi. Lakini kwa mwalimu ni hadithi nyingine: kipindi cha sekondari nchini ni dakika 40 vilevile. Mwalimu anayepanga somo lake kama anavyolipanga darasani anaweza kumaliza muhula bila kulipa. Ukitaka kulipia, ni zaidi ya dola 10 kwa mwezi, na malipo ni kwa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022.

*Data.* Hesabu ya juu ni yake. Kwenye mipangilio ya video zima HD, na uondoe ile picha ya nyuma ya bandia. Kuiondoa picha hiyo hakupunguzi data, ila kunaipumzisha kompyuta, utasikia feni ikitulia.

*Mashine na mahali.* Windows, Mac na Linux zote zina programu. Inafanya kazi pia kwenye kivinjari mwenye kikao akiruhusu, ingawa hapo baadhi ya vitu hukosekana. Kupunguza kelele za nje ni jambo inalolifanya vizuri, na ukiishi karibu na stendi ya matatu au kanisa lenye spika nne utaelewa kwa nini nalitaja. Hata akaunti ya bure inaweza kurekodi kikao na kukihifadhi kwenye kompyuta ya mwenye kikao. Waambie watu kabla ya kubonyeza kitufe: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitambua sauti na sura ya mtu kama taarifa zake binafsi.

*Siri.* Usimbaji wa mwisho hadi mwisho upo tangu Oktoba 2020 lakini ni wa kuwashwa, na ukiwashwa baadhi ya huduma huzimika. Hatari ya kawaida zaidi ni kiungo kilichotupwa kwenye kundi la watu 200. Washa chumba cha kusubiri, umruhusu mmoja mmoja.

*Inamfaa* mwalimu, mkufunzi, anayefanya mikutano ya hadhara, na yeyote anayehitaji rekodi bila kulipa.

Google Meet

*Watu.* Anayeanzisha anahitaji akaunti ya Google, na yeyote aliyewahi kutumia simu ya Android karibu hakika anayo, hata kama nenosiri alishalisahau.

*Muda na bei.* Bure kwa watu 100 hadi dakika 60. Mkiwa wawili tu, hadi saa 24. Hapa Meet inaipita Zoom waziwazi kwa mazungumzo ya wawili wawili. Kurekodi hakumo kwenye toleo la bure.

*Data.* Haina miujiza. Unaweza kushusha ubora wa video unayotuma na unayopokea kila moja peke yake, na mwenye bando dogo afanye zote mbili.

*Mashine na mahali.* Hii ndiyo nguvu yake. Hakuna cha kusakinisha. Inafunguka kwenye Chrome, Firefox, Edge au Safari, kwa hiyo kompyuta ya ofisi ambayo watu wa IT wameifunga, ya saiba, au laptopu ya Linux, zote zinapokea. Gharama yake ni kwamba Chrome ni mlafi wa RAM. Laptopu ya GB 4 ikiwa na vichupo kumi na vitano wazi, Meet itaanza kukwama na utalaumu mtandao wakati kosa ni la vichupo. Vifunge vyote ubaki na kimoja.

*Siri.* Mawasiliano husimbwa njiani, lakini kwa vikao vya kawaida Google iko katikati. Kwa kikao cha kamati ya harusi hilo halina uzito.

*Inamfaa* mtu asiyetaka kusakinisha chochote, na anayealika watu ambao hawana subira na teknolojia.

Microsoft Teams

*Watu.* Watu wa ofisi, mashirika, vyuo. Kama mwajiri au mteja wa ng'ambo anatumia Teams, hukuulizwa. Mahakama za Kenya pia zimekuwa zikisikiliza kesi kwa video tangu 2020, na viungo vingi kwenye orodha za kesi ni vya Teams. Mtu mwenye kesi Milimani anaweza kujikuta anahitaji kuijua kabla ya saa tatu asubuhi.

*Muda na bei.* Toleo la bure ni watu 100 kwa dakika 60. Wawili hadi saa 30. Waliohama kutoka Skype waliingia kwa jina na nenosiri lilelile, wakakuta anwani zao na mazungumzo yao.

*Data.* Kwa mujibu wa Microsoft, sauti inaweza kushuka hadi kilobiti 10 kwa sekunde na bado ikaeleweka, ila wanapendekeza 58. Kwa video ya wawili kiwango cha chini ni kilobiti 150 kila upande, na wanachopendekeza ni 1,500. Kwa maneno mengine, inavumilia mtandao mbovu kuliko sifa zake.

*Mashine na mahali.* Nzito. Kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 utaihisi tangu inapofunguka. Programu ya Linux iliondolewa mwishoni mwa 2022, ikabaki ya kivinjari. Aliyealikwa anaweza kuingia kwa kivinjari bila kusakinisha, na kwa mashine dhaifu hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

*Siri.* Husimbwa njiani. Ukiitumia kwa akaunti ya kazini, chukulia kwamba mwajiri anaweza kuona ulichoandika.

*Inamfaa* aliyetoka Skype na anataka kubaki na watu wake wa zamani, na anayefanya kazi na mashirika.

Telegram

*Watu.* Vijana, wanafunzi, makundi makubwa ya mada fulani. Kundi moja linaweza kufika watu 200,000. Wazazi wengi hawamo.

*Muda na bei.* Bure, hakuna saa inayokukata. Faili moja inaweza kufika GB 2.

*Data.* Programu nyepesi. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja mara tu unapoisakinisha, la sivyo makundi yatakula bando ukiwa umelala.

*Mashine na mahali.* Kwa kompyuta hii ndiyo programu ya ujumbe inayokwenda kasi kuliko zote hapa, na naisema hivyo baada ya kuitumia bega kwa bega na nyingine kwenye mashine ya zamani. Windows, Mac, Linux na kivinjari zote zinapata ujumbe wote wa nyuma, kwa sababu umehifadhiwa kwenye seva za Telegram.

*Siri.* Sababu iyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Mazungumzo ya kawaida hayasimbwi mwisho hadi mwisho. Yale ya siri hayapo kabisa kwenye programu ya Windows. Simu za watu wawili husimbwa. Wengi huiita Telegram programu ya siri, na kwa maandishi ya kawaida WhatsApp inaishinda.

Tena kuna tatizo la humu nchini. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilivurugwa Kenya wakati wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa kuwa makundi yake yalihusishwa na wizi wa mitihani. Aliyekuwa na wateja wake wote humo alikaa wiki kadhaa akihangaika na VPN, programu ya kukwepa mtandao uliofungwa. Ukiitumia kwa biashara, hakikisha wateja wanajua pa kukupata pengine.

*Inamfaa* mwenye jumuiya kubwa, anayetuma faili kubwa, anayebadilisha kompyuta mara kwa mara.

Signal

*Watu.* Wachache. Ndiyo kasoro yake kuu, na hakuna mpangilio wa kuirekebisha.

*Muda na bei.* Bure, bila matangazo. Inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 2018, kwa michango.

*Data.* Ina sehemu ya kupunguza data kwenye simu za sauti, unayoiwasha upande wa simu ya mkononi.

*Mashine na mahali.* Windows, Mac na Linux, lakini haina toleo la kivinjari. Saiba haifai, na kwa aina hii ya programu hilo ni heri. Lazima ujisajili kwa simu kwanza.

*Siri.* Hapa haina mpinzani kati ya hizi sita. Kila kitu kimesimbwa mwisho hadi mwisho, taarifa inazohifadhi kukuhusu ni chache mno, na tangu Februari 2024 unaweza kumpa mtu jina la mtumiaji badala ya namba yako.

*Inamfaa* wakili, mwanahabari, mtetezi wa haki, na watu wawili walioamua pamoja.

Kwa hali yako

*Ndugu yuko Dubai.* Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp. Maandishi na sauti zilizorekodiwa hupita, simu hazipiti. Zoom, Teams na Google Meet zimo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa huko. Kwa kuwa ni watu wawili, chukua Meet au Teams, ambazo hazitawakata baada ya dakika 40. Tuma kiungo kwa WhatsApp, mzungumze kwenye Meet. Usimshauri dada yako atumie VPN kupiga simu. Anayeishi chini ya sheria za kule ni yeye, si wewe.

*Unaagiza mali China.* Mfanyabiashara wa Eastleigh au Kamukunji anayenunua Guangzhou ajue kwamba WhatsApp, Telegram, Signal na huduma za Google zote zimezuiwa China. Muuzaji yuko WeChat, ambayo ina toleo la kompyuta lenye simu na video. Haimo kwenye sita zangu, lakini kipimo cha kwanza ndicho kimeamua. Usiandike humo jambo usilotaka lisomwe na mtu wa tatu.

*Mama yuko kijijini na kabambe, simu ya vitufe.* Hii ndiyo kazi ya Skype ambayo haikupata mrithi mzuri: kupiga namba ya kawaida kutoka kwenye kompyuta. Hakuna kati ya sita hizi inayoifanya bure. Viber ina toleo la kompyuta na huduma ya Viber Out ya kununua salio na kupiga simu yoyote. Angalia bei ya dakika kwa Kenya kabla ya kulipa, kwa sababu hutofautiana sana na ya kupiga Uingereza au Marekani. Aliye Nairobi anayempigia mama aliye Kitui hana haja ya haya yote. Dakika za mtandao wa simu ni rahisi zaidi. Ni walio ng'ambo wanaoumia.

*Unafundisha mtandaoni.* Zoom, ukipanga vipindi vya dakika 40, hasa kama mzazi anataka rekodi. Mwanafunzi akiwa mmoja na somo likivuka saa, Meet. Zima kamera yako ukiandika kwenye ubao wa skrini. Mtoto anatazama hesabu, hakutazami wewe, na bando linapumua.

*Chama au kamati ya harusi.* Wakiwa chini ya 32 na wote wako WhatsApp, malizieni humohumo. Wakizidi, au kama kuna hesabu ya kuonyesha kwenye skrini, Meet inawapa dakika 20 zaidi ya Zoom. Kamati ya harusi haijawahi kumaliza kwa saa moja, kwa hiyo andaeni kiungo cha pili kabla.

*Una kesi, au usaili wa kazi.* Huchagui wewe. Teams ikiwa ndiyo iliyoitwa, ijaribu siku moja kabla kwenye mashine ileile na mtandao uleule, na uhakikishe jina linaloonekana ni lako, si "Mama Brayo" ulilojiandika siku ya mzaha. Weka simu yenye bando karibu, ikiwa imeshaingia kwenye kikao na maiki imezimwa. Stima ikipotea, ruta inazimika lakini laptopu na mnara wa simu mara nyingi vinabaki.

*Unategemea mtandao kwa mkate wako.* Kuwa na mbili zilizo hai wakati wote, za kampuni tofauti, na watu wako wajue zote. Mbali na Telegram wakati wa KCSE, tarehe 12 Mei 2024 kebo za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika na mtandao ukadorora Kenya nzima. Siku kama hiyo hakuna programu inayokuokoa kwenye video, lakini ujumbe wa maandishi na sauti tupu hujipenyeza. Hapo WhatsApp au Signal zina nafasi kubwa kuliko kikao cha watu 40 chenye kamera.

*Laptopu ni nzee.* Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za ex-UK zilizo mjini haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11. Fundi akikuwekea Linux Mint, mashine itapata uhai tena: Zoom, Telegram na Signal zina programu zake huko, na Meet, Teams na WhatsApp utazipata kwenye kivinjari. Kwa simu za WhatsApp, hata hivyo, tegemea simu yako ya mkononi. Kabla hujamlipa fundi, mwambie afungue kikao cha Meet mbele yako, kamera na maiki zikiwa zimewashwa, maana hivyo viwili ndivyo husumbua baada ya kubadilisha mfumo.